Alama Mia Moja Kwenda Korogwe

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, karani wa viti wa stesheni ya Tabora alifungua dirisha lake, akaniona, akalifunga tena.

"Nimekuona," alisema kutoka ndani. "Ngoja ninywe chai kwanza. Wewe si mtu wa kukabiliwa tumbo likiwa tupu."

Sikukasirika, kwa sababu alikuwa na haki. Kwa wiki tatu nilikuwa nikija mbele ya dirisha hilo kumwuliza maswali ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, hata waliojenga reli hawakujiuliza. Alikuwa mzee wa mjini, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na alikuwa akiandika tiketi tangu enzi za wakoloni. Wateja wake wote walitaka kitu kimoja: kwenda mahali na kurudi. Mimi nilitaka kwenda Korogwe kwa pasi ya alama.

Inafaa nieleze alama hizo. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mtunza ghala katika karakana ya reli, na karakana yetu ilikuwa na mpango wake wa kututia moyo. Mwezi mmoja bila kuchelewa wala kukosa kazi ulikupatia alama moja. Alama hamsini zilikupatia pasi ya mtu mmoja ya daraja la pili, kwenda na kurudi, popote reli inapofika. Alama mia moja, pasi ya watu wawili. Wenzangu wengi hawakuvuka hamsini. Wakizifikisha tu walikwenda Mwanza kula samaki, au Dar es Salaam kutafuta redio, kisha wakarudi na kuanza upya na moja. Mimi niliziacha zikae. Fundi mmoja wa magurudumu alipenda kunitania mbele ya watu: "Huyu bwana ana alama nyingi kuliko mtoto mwenye surua, na wala hajikuni."

Nilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa na kaka mmoja tu. Kijana huyo aliondoka Goweko kabla mimi sijazaliwa, akaenda kukata mkonge Korogwe, upande wa Tanga, kama walivyokwenda Wanyamwezi wengi wa rika lake. Usiku wa kuondoka alimchukua mbuzi wa mama, mbuzi jike mwenye sikio lililochanika, akamuuza njiani ili apate nauli. Aliacha ujumbe kwa jirani kwamba atarudi na ng'ombe. Hakurudi na ng'ombe wala na kwato ya ng'ombe. Alituma salamu, mara moja alituma blanketi, na mama alilipokea blanketi lile kwa maneno haya: "Zuri. Lakini halitoi maziwa."

Halafu mwaka ule mtu mmoja wa Goweko alirudi kutoka kwenye mashamba hayo na habari kwamba mjomba yu mzima, ila macho yake yanaingia giza. Sasa hivi anaona maumbo na rangi. Mwakani huenda asione kitu. Nilikwenda Goweko Jumapili kumpelekea mama sukari, nikamkuta ameketi mbele ya nyumba yake mpya. Kijiji kizima kilikuwa kimehamishiwa kando ya barabara, nyumba zikiwa kwenye mstari kama mabehewa, na ya mama ilikuwa ya saba kutoka kisimani.

"Hawezi kunifuata," mama alisema. "Hata akipata nauli, atakwenda kule kwenye mji wetu wa zamani akute mahindi. Mimi ndiye wa kwenda. Baba, una zile karatasi zako za treni?"

"Zipo, mama. Lakini safari ina kubadilisha treni, na—"

"Sitaki anisikie sauti tu. Sauti yangu anaijua. Nataka anione."

Akaongeza, "Na habari ya mbuzi tutaiongea."

Basi nikaanza kazi. Shule niliishia darasa la nne, na mengine yote nimejifunza kwa kusoma peke yangu. Kitabu cha kwanza kuwa mali yangu kilikuwa ratiba ya treni iliyotupwa, isiyo na jalada. Niliisoma kama wengine wanavyosoma hadithi. Kwa hiyo nilijua kwamba treni ya Tabora kwenda pwani inapita Ruvu, na kwamba hapo Ruvu ndipo njia inapoachana kuelekea kaskazini hadi Korogwe. Nilijua pia kwamba treni ya kaskazini haipiti kila siku. Inapita mara mbili kwa wiki.

Ugumu haukuwa njia. Ugumu ulikuwa viti. Kila treni ilitenga viti viwili tu kwa wenye pasi. Viti vya treni yetu viligawiwa Tabora, wiki tatu kabla ya safari, kwa anayefika kwanza dirishani. Viti vya treni ya kaskazini viligawiwa na ofisi ya upande wa Tanga, kwa simu ya stesheni, na majibu yalikuja yalipojisikia. Na pasi yenyewe ilikuwa na masharti magumu. Ukiikosa treni ya kubadilishia, pasi imekufa hapo hapo uliposimama. Nauli iliyobaki unalipa mwenyewe. Likizo yangu ilikuwa ya siku kumi na nne, na mfuko wangu ulikuwa na fedha za kula, si za nauli.

Watu waliojaribu safari kama hii walichukua kwanza kiti cha Tabora, kwa kuwa ndicho kilicho karibu, kisha wakaomba cha kaskazini na kukuta siku hazipatani. Mimi nilifanya kinyume. Niliomba kwanza kile kilicho adimu. Nilimsihi karani atume maombi Tanga, nikawa napita kila asubuhi kabla ya kengele ya kazi kuuliza kama wamejibu. Jumamosi walijibu: viti viwili, Alhamisi jioni, wiki tatu baadaye. Maana yake tuondoke Tabora Jumatano, na viti vya Jumatano hiyo vilikuwa vinafunguliwa Jumatatu ile ile ambayo karani alinifungia dirisha.

Nyuma yangu, wakati karani akinywa chai, alikuja kusimama msimamizi wetu wa karakana. Naye alikuwa na pasi ya watu wawili mkononi.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Korogwe, mzee."

"Korogwe kuna nini?"

"Mjomba."

"Mimi Dar es Salaam, harusi. Jumatano gani?"

Nilimtajia. Akatazama dirisha lililofungwa, kisha mimi, kisha umbali mdogo sana uliokuwa kati ya mwili wangu na ukuta, kana kwamba anapima kama mtu mnene anaweza kupita hapo. Nilisogea nikauziba. Sijawahi kumfanyia mkubwa wangu kitu kama kile tena.

Dirisha likafunguka. "Haya," karani alisema, akifuta ndevu. "Mwenye maswali aanze."

"Leo sina swali," nilijibu. "Viti viwili vya pasi, Jumatano ile."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Huna swali? Unaumwa?" Akaandika, akagonga muhuri, akasukuma karatasi. "Mzee," alimwambia msimamizi juu ya bega langu, "kwako kuna viti vya Ijumaa. Harusi za Dar huchelewa, utaiwahi."

Siku ya safari mama alifika Tabora na mizigo ambayo nilikuwa nimemkataza. Kulikuwa na gunia la karanga, uyoga mkavu, mchi mmoja mpya, na asali ndani ya kilindo, yaani lile kopo la gome la mti ambalo kwetu hutiwa asali. Asali nyingine alikuwa ameitia kwenye chupa.

"Mama, pasi ina kipimo cha mizigo."

"Mwambie hiyo pasi kwamba huyu ni kaka yangu."

"Na mchi wa nini?"

"Unajua wanatwangia nini huko? Hujui. Nyamaza."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda daraja la pili. Alikandamiza kiti kwa kiganja, akakaa ukingoni, na baada ya Goweko kupita alijilaza akalala kama mtu aliyezaliwa humo. Mimi sikulala. Nilikuwa na pasi mfukoni, na kila baada ya muda niligusa mfuko.

Asubuhi tulikuwa tumeshaingia Ugogo. Nchi ilikuwa kavu na nyeupe, mibuyu imesimama mbalimbali, na kila kituo wanawake waliuza maziwa na kuku wa kuchemsha. Mama aliamka akamsalimia mama mmoja dirishani kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" kwa sababu kwake asubuhi ni mwangaluka popote pale duniani. Mkaguzi wa tiketi alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni mwetu. Alisimama. Uso wake uliangaza kama wa mtu aliyeokota kitu.

"Wanyamwezi!" alisema. "Humu ndani mna Wanyamwezi?"

Alikuwa Mgogo, kijana wa umri wangu, kofia ya kazi kichwani yenye bamba la namba mbele. Kwa wasiofahamu: Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara. Wapagazi wetu walipita nchini mwao wakienda pwani na kurudi, wakatozwa hongo, yaani ushuru wa njia na wa maji, wakagombana, wakaoana, wakazikana. Kilichobaki ni utani. Mtani anaweza kukutukana msibani na kukunyang'anya chakula mkononi, na wewe kazi yako ni kucheka na kulipiza. Ukikasirika umejiaibisha.

Nilimpa pasi. Aliisoma mbele na nyuma.

"Bure?" aliuliza. "Hii karatasi inasema mnapita bure?"

"Ni pasi ya alama. Miezi mia moja bila—"

"Mnyamwezi apite Ugogo bure? Babu zako walitoa nguo, walitoa shanga, walitoa na majembe. Wewe umekuja na karatasi." Akaikunja taratibu na kuitia mfuko wa shati. "Nimeikamata. Mtaipata hongo ikishalipwa. Hicho kilindo kina nini?"

Nilisimama. "Ndugu yangu, pasi haitakiwi kutoka kwa mwenyewe. Ni sharti la—"

"Kaa, baba," mama alisema. Naye uso wake ulikuwa umeangaza. "Huyu anaongea na mimi. Wewe Mgogo, hujatosheka tu? Mlitutoza mpaka maji, tena maji yenyewe ya chumvi!"

"Ya chumvi ndiyo mazuri, mboga haihitaji kuungwa. Nipe asali."

"Asali ya kaka yangu hii. Inama uone ilivyo kidogo."

Mkaguzi aliinama atazame ndani ya kilindo. Mama akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaiweka kitini na kuikalia.

Behewa zima lilipiga kelele. Mkaguzi alijishika kichwa, akacheka hadi akaegemea mlango.

"Bibi, hiyo ni mali ya reli!"

"Na hiyo mfukoni mwako ni mali ya nani? Toa mateka wangu, nitoe mateka wako."

"Chupa mbili za asali."

"Kijiko."

"Chupa moja na karanga."

"Kijiko, tena cha chai."

Walikuwa wamefika kwenye nusu chupa, na mimi nilianza kupumua, mtu mmoja alipokuja mbio kutoka daraja la tatu kusema kwamba kuna abiria asiye na tiketi amejifungia chooni na kuku sita. "Nakuja," mkaguzi alimwambia mama. "Usiivunje." Akaondoka kichwa wazi.

Hakuja. Tulifika Dodoma, watu wakashuka, wengine wakapanda. Nilitoa kichwa dirishani nikamwona mbele kabisa, amemshika abiria wake mkono mmoja na kuku mkono mwingine, wote wawili wakipiga kelele. Niliita. Filimbi ililia kunizidi. Treni ikaondoka, na yeye akabaki, kwa sababu zamu yake iliishia Dodoma. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba yangu, na mimi, niliyeisoma ratiba ile miaka yote, sikulikumbuka kwa dakika ile moja iliyohitajika.

"Mama," nilisema, "pasi imebaki."

"Kofia haijabaki," mama alijibu, akajikalisha vizuri zaidi.

Mkaguzi mpya aliingia baada ya kituo cha pili. Huyu alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye miwani, ambaye kabila lake halina utani na sisi.

"Tiketi."

"Tuna pasi," nilisema.

"Iko wapi?"

"Iko kwa mtani wetu, Dodoma."

"Mtani si stesheni," alisema. "Iko wapi?"

Nilimweleza kwa utaratibu, toka mwanzo, bila kuruka kitu. Kadiri nilivyoeleza kwa usahihi ndivyo maelezo yalivyozidi kufanana na uongo. Abiria wenzetu walitaka kusaidia, wakawa wanasimulia wote kwa pamoja, mmoja akiigiza jinsi kofia ilivyovuliwa. Mwishowe mama alijiinua kidogo, akatoa kofia iliyokuwa imebonyea katikati, na kumwonyesha.

"Risiti yetu hii hapa."

Mkaguzi alisoma namba kwenye bamba. Niliona anafikiri. Labda tulikuwa wezi wa kofia, labda tulikuwa wasema kweli, na hakuwa na kanuni ya kumwambia ni lipi kati ya hayo.

"Ileteni hiyo kofia."

"Haitoki," mama alisema. "Ikitoka, pasi yangu itarudi kwa njia gani?"

"Bibi, mimi si mtani wako."

"Najua, mwanangu. Pole."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nitawashusha Morogoro. Mkamweleze mkuu wa stesheni."

Nilipiga hesabu haraka. Kushushwa Morogoro kulikuwa sawa na kuikosa treni ya Ruvu jioni ile. Kuikosa kulikuwa sawa na pasi kufa. Nilikuwa na fedha za kuturudisha Tabora daraja la tatu, pengine, lakini si za kutupeleka Korogwe. Ningesubiri alama nyingine mia moja, na macho ya mjomba yasingesubiri. Nilimtazama mama. Alikuwa ameifumbata kofia mapajani, akiinyoosha ile sehemu iliyobonyea kwa kidole gumba. Hakuwa anacheka tena.

"Baba," aliniambia kwa sauti ndogo, "Mgogo hawezi kunisahau. Akikaa bila kofia, jua litamkumbusha."

Morogoro tulishushwa na gunia, mchi na kilindo. Mkaguzi mwenye miwani alikuwa anatutangulia kuelekea ofisini, na kabla hajafika mlango ulifunguka. Mkuu wa stesheni, mtu mfupi mwenye kitambi, alitoka na karatasi mkononi, akatazama abiria wote waliosimama pale, akasoma kwa sauti ya kutangaza:

"Nani hapa ni bibi wa Kinyamwezi aliyekalia kofia?"

Mama alinyoosha mkono kama yuko darasani kwa wanaojifunza kusoma na kuandika ukubwani.

Jua lilikuwa limemkumbusha. Mtani alikuwa amemaliza kukabidhi abiria wake na kuku, akataka kuvaa kofia, akagusa nywele, akagusa mfuko. Alikuwa amekimbilia chumba cha simu na kutuma habari Morogoro: namba ya pasi, majina yetu, viti vyetu vya Ruvu, na maneno ya mwisho ambayo mkuu wa stesheni aliyasoma mara mbili kwa kuyapenda: *Bibi asishushwe. Atambulike kwa kofia. Hongo bado naidai.*

"Nitajuaje ni nyinyi?" mkuu wa stesheni aliuliza, japokuwa alikuwa ameshaanza kucheka.

Mama akampa bamba alione, bila kuiachia kofia. Alilinganisha namba na karatasi yake. Zilikuwa sawa. Akaingia ndani, akaandika hati: wenye hati hii wapite mpaka Korogwe na kurudi Dodoma, ambako pasi yao imehifadhiwa. Akaigonga muhuri na kumtaka mmoja wetu atie sahihi. Nilinyoosha mkono nichukue kalamu.

"Hapana," mama alisema. "Mimi."

Mwalimu wa elimu ya watu wazima alikuwa amemfundisha kuandika jina lake mwaka uliopita, na hakuwa amepata mahali pa maana pa kuliandika. Aliliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, ulimi ukitokeza kwenye kona ya mdomo. Treni ililia. Mkaguzi mwenye miwani alitazama saa. Mimi nilitazama kalamu. Bado herufi tatu.

"Bibi," mkaguzi alisema, "treni."

"Treni ina jina lake, na mimi nina langu."

Alimaliza. Kisha kitu kilitokea ambacho sikukitarajia: mkaguzi mwenye miwani aliinama, akalibeba gunia la karanga begani mwake, na kukimbia nalo kuelekea behewa letu. Mama alimfuata na mchi, akisema kwa sauti ya kusikika stesheni nzima kwamba leo ameona mtu mwingine anakuwa pagazi wa Mnyamwezi.

Ruvu tulishuka jioni. Treni ya kaskazini ilikuja, viti vyetu viwili vilikuwepo, na mkaguzi wa humo alisoma hati, akaitazama kofia, akaamua kutouliza.

Tulimkuta mjomba asubuhi mbele ya chumba chake, katika kambi ya wakata mkonge. Nyumba za kambi zilikuwa kwenye mstari, kama za Goweko. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akigeuza kichwa kufuata vishindo. Nilitaka kuongea, mama akanizuia kwa mkono. Alikwenda akasimama mbele ya kaka yake, mahali ambapo jua lilimpiga usoni, akatulia bila kusema neno.

Mjomba alikaza macho. Aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, jinsi mtu anavyotazama ndani ya kisima. Alikaa hivyo muda mrefu sana, na nilianza kuogopa kwamba tumechelewa.

"Hilo pengo la jino," alisema mwishowe, "nililing'oa mimi."

"Kwa jiwe," mama alisema.

"Kwa jiwe. Umezeeka, mdogo wangu."

"Wewe ndiye umezeeka. Mimi nimekomaa. Mbuzi wangu yuko wapi?"

Mjomba alicheka, akalia, akacheka tena, na mama akamvisha kofia ya mkaguzi mpaka machoni, asimwone yeye mama akifuta machozi. Siku zote tulizokaa hakuivua. Watoto wa kambi walimpigia saluti, naye aliwadai tiketi.

Mbuzi alikuwepo. Mjomba alikuwa na mbuzi wanne nyuma ya nyumba, na alimkabidhi mama jike mmoja, mbele ya mashahidi. Nilimweleza mama kwamba pasi haibebi wanyama, kwamba mbuzi atalipiwa nauli yake katika behewa la mizigo, na kwamba nauli hiyo itazidi bei ya mbuzi. Nilimwonyesha hesabu. Aliitazama kwa heshima.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Mpakie."

Dodoma, tukirudi, mtani alikuwa akitungojea kwenye jukwaa la stesheni. Alikuwa amevaa kofia ya kuazima, ndogo, imekaa juu ya kichwa chake kama kifuniko cha birika. Mkono mmoja alishika pasi yetu. Mama alishuka na kofia. Walisimama wakitazamana, kila mmoja akinyoosha mkono wenye mateka na kuogopa kuwa wa kwanza kuachia.

"Hongo," alisema.

Mama alitoa ile chupa ya asali kwenye kikapu. Mjomba alikuwa ameiomba siku ya tatu, na mama alimwambia si yake. Mtani aliipokea, akaachia pasi, akapokea kofia, akaichunguza ndani.

"Bibi, imepanuka!"

"Imekaa kwenye kichwa cha mtu. Haijazoea."

Mara mbuzi akalia kutoka behewa la mizigo, na mtani akageuka na macho yale yale ya kuokota kitu. Nilimshika mama mkono, nikampandisha treni, nikakalia pasi mwenyewe mpaka Goweko.

Nyumbani nilikaa mezani kupiga hesabu, mama akiwa kando yangu. Nauli ya daraja la pili ya watu wawili, Tabora hadi Korogwe na kurudi, ambayo pasi ilituokolea: shilingi mia mbili na ishirini na nane. Nikatoa nauli ya mbuzi, shilingi thelathini na moja na senti hamsini. Nikatoa chupa ya asali, shilingi kumi na mbili kwa bei ya soko. Ikabaki shilingi mia moja na themanini na nne na senti hamsini, nikapiga mstari chini yake.

"Mbuzi je?" mama aliuliza.

"Mbuzi hakutokana na pasi, mama. Alikuwa wako tangu zamani."

"Angekuja kwa miguu?"

Nilifikiri. Nilifuta mstari, nikaongeza shilingi ishirini na tano, bei ya mbuzi jike pale Goweko, na kuupiga upya chini ya jumla: shilingi mia mbili na tisa na senti hamsini.